Chungu cha Susu Kwenye Kioo

Mumbua uko? Kaa chini kwanza.

Nimetoka makumbusho na mama sasa hivi. Kwa kabati la kioo kuna chungu kimeunganishwa na gundi, kimeandikwa "Kilungu, miaka mia sita". Mama akainama kuangalia shingo yake. Mikwaruzo mitatu na nukta. MUMBUA. Hiyo ni alama ya susu Kalunde, nyanya yangu! Si unajua kila mama mfinyanzi alikuwa na yake?

Mia sita wapi! Mama amekula maharagwe humo!

Sasa skia. Mwaka wa 78 walikuja kwetu Kilungu wachimbaji wa makumbusho na kamba na vijiti vyao. Susu hakuwaamini hata kidogo. Kila siku swali ni lile lile: "Mama, wazee wa zamani walizikwa wapi?" Akajiuliza, mtu na akili zake anatafutia nini mifupa ya wenyewe? Basi akavunja chungu chake, akazika vigae kando ya mto, mbali kabisa na makaburi. Kisha akawapelekea chai, akawaonyesha pa kuchimba. Walimshukuru sana!

Eti miaka mia sita.

Nikasema tuwaambie watu wa makumbusho. Mama akanifinya nikaruka.

"Nyamaza! Wakijua susu yako aliwadanganya, watarudi. Na siku hizi ni mimi peke yangu najua wale wazee wamelala wapi."

Nikamuuliza, "Wapi?"

Mumbua, mama aliniangalia weee, halafu akaniuliza kama nataka chai.