Mlango wa Sehemu ya Kumi

Tarehe 4 Mei

Mwanangu, Mama Maswali,

U hali gani huko uliko? Mimi mzima, isipokuwa goti, nalo ni la siku zote. Karakana inakwenda, bado wapo watu wanaotengenezesha redio.

Nimemaliza ile tamthilia yako ya vyombo vya angani. Umenipotezea jioni zangu. Fundi mitambo alipeperukia angani sehemu ya nne, tukamlilia. Sehemu ya kumi huyo hapo anakunywa kahawa, wala hakuna anayeshangaa. Lile jeshi la viumbe limetishia watu msimu mzima, likaja kuzimwa kwa swichi moja. Nimeshika swichi maisha yangu yote, sijaona ya namna hiyo.

Halafu nahodha anafika kwa baba yake. Anagonga mlango, kioo kinakuwa cheusi, basi! Hodi hakusema, na aliye ndani hakusema karibu. Mwisho gani huo?

Nijibu kwa barua. Kwenye simu tunaishia kugombana.

Baba yako

Tarehe 21 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo, nashinda maabara nikichonga meno ya bandia.

Baba, muuza diski kakupunja. Kuna kipande cha mwisho hukukiona. Mlango unafunguka, ndani hamna mtu. Eti baba alikuwa sauti ya mashine tangu mwanzo! Misimu mitatu nahodha anamtafuta, kumbe changa la macho. Nilizima televisheni kwa hasira.

Ila unauliza kwa nini aliye ndani hakusema karibu. Na mimi nakuuliza hivyohivyo. Nilipokuja mwaka juzi nilipiga hodi karakanani, nikarudia, nikarudia tena. Nikasikia redio ikiongezwa sauti. Najua ulikasirika kwamba niliacha redio nikaenda kwenye meno. Nilirudi stendi na begi langu. Iliniuma, baba, na bado inaniuma.

Nina likizo mwezi wa saba, naweza kufika Jumamosi ya kwanza. Nataka kuja, lakini sitaki kusimama tena pale mlangoni.

Mwanao

Tarehe 9 Juni

Mwanangu, marahaba.

Goti ni lilelile, usilipotezee muda.

Nilimrudia muuza diski, tukakwaruzana kidogo, akanipa nzima. Ulisema kweli, ni mbaya kuliko nilivyodhani. Wale waandishi wangekuwa na haya wangemweka mtu mle chumbani, hata kama ni mzee mkaidi. Mzee mkaidi yupo. Anasikia hodi, anamjua anayebisha, ila kinywa kinakuwa kizito, na akija kukifungua mgeni kashaondoka. Huyo ningemwamini. Mashine, hapana.

Na yule fundi wa kahawa bado sijamsamehe.

Kuhusu safari, panda basi la asubuhi. La mchana linasimama kila kichochoro.

Baba yako

Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa karakana, Jumamosi, 5 Julai

Mama Maswali,

Niko uani nachemsha chai. Redio nimeizima tangu asubuhi. Wateja ndio wapige hodi. Wewe sukuma mlango uingie.

Baba