Mshale wa Mita Yako Ulianguka

Kaka Magesa,

Sensa uliyoifunga kwenye gari la Mwalimu Masatu ilikuwa mbovu. Alisema hivyo Bhoke, msaidizi wako, jana Jumanne, saa nne asubuhi, pale gereji kwenu Manyamanyama, hapa Bunda. Mimi nilikuwepo, Mwalimu pia alikuwepo. Nimeanza na hilo kwa sababu hukupenda nizunguke. "Nyangeta, sema habari, maelezo baadaye," uliniambia kila nilipokupigia simu.

Maelezo ni haya.

Siku tuliyokuzika Butiama, msemaji wa familia aliuliza kama inavyoulizwa kila msiba: mwenye jambo na marehemu ajitokeze, tusizike na lawama. Tulitegemea kimya. Mwalimu Masatu akasimama, kofia mkononi. Akasema hana ugomvi na wewe, ila ulimrudishia gari ukamwambia limepona, na bado linaruka. "Likishika mwendo linajikwaa kama ng'ombe mwenye kidonda kwatoni." Wengine walicheka kidogo, wakajikohoza. Baba mdogo akajibu kwa niaba yetu kwamba jambo hilo litakuwa limekwisha kabla ya ibada ya arobaini. Niliandika kwenye daftari. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Sijalia bado. Wiki iliyofuata nilirudi redioni Musoma, nikasoma habari. Wenzangu wanasema sauti yangu haijabadilika.

Huku Bunda maneno yalishaanza kutembea. Dereva mmoja alimwambia Bhoke usoni, "Fundi wako siku za mwisho alikuwaga anabahatisha." Bhoke akamuuliza, "Ulimwona anabahatisha lini? Taja siku."  Dereva akaondoka na gari lake, na wengine nao wakapunguza kuja. Mteja wenu wa zamani alimshauri afute jina lako ukutani aandike lake. Bhoke alinionyesha kopo la rangi alilonunuliwa kwa kazi hiyo. Lilikuwa halijafunguliwa.

Bhoke alianza upya, kana kwamba wewe hukuligusa gari. Akabadili plagi, akasafisha chujio la mafuta, akapima pampu. Akafika kwenye sensa ya throto, kile kidude kilicho pembeni ya mlango wa hewa, kinachoiambia kompyuta ya gari umekanyaga mafuta kiasi gani. Akaipima kwa mita yake ya namba. Ukiachia pedeli namba ilikuwa ndogo, ukikanyaga ilipanda. Akaipitisha. Mwalimu akaondoka na gari, na kabla ya saa sita akarudi nalo linaruka.  Alikaa kwenye lile benchi lenu la tairi akamtazama Bhoke.

Bhoke alinipigia simu, akanisimulia hivyo nilivyokuandikia. Ndipo nikakumbuka muhogo wa kuchoma. Tulikuwa tunakula kwenye benchi hilohilo, nikakuuliza kwa nini huitupi ile mita ya mshale, imepasuka kioo na ni ya zamani kuliko mimi. Ulimeza kwanza. Ukasema, "Namba ina haraka, inaruka shimo. Mshale unatumbukia, unauona."

Mita haikuwepo gereji. Siku ya kugawa vitu vyako tuliigawa pamoja na makoti na viatu, bila kumuuliza Bhoke, wakati gari la mtu lilikuwa bado linadai kazi. Hilo ni kosa letu. Baba mdogo alikuwa ameichukua.

Jumatatu tulimfuata kwake Mwitongo, mimi na Bhoke. Tulimkuta ameiweka juu ya betri ya sola. "Mtu mmeshamzika, sasa mnafukua na vitu vyake?" alisema. "Mita za dukani zimeisha?"

"Zipo, Baba," Bhoke akamjibu. "Ila zinatuficha shimo."

"Na mimi betri yangu nitaipima na nini? Naipimaga kila asubuhi."

"Asubuhi jua likitoka si unaliona, Baba?"

Alicheka hadi akakohoa. Aliifunga mita kwenye taulo, akasema irudi Jumamosi.

Jana Bhoke aliwasha swichi bila kuwasha injini. Akachomeka pini ya mita kwenye waya wa sensa unaopeleka taarifa, nyingine kwenye chuma cha gari. Mimi nilikaa kwenye usukani, nikikanyaga pedeli polepole kama alivyonielekeza. Mwalimu aliinama juu ya mita na miwani yake. Mshale ulianzia chini, ukapanda vizuri. Pedeli ilipokaribia nusu ukaanguka hadi sifuri, ukaruka tena juu. Bhoke akasema, "Rudia." Nikarudia mara tano. Ulianguka palepale mara zote tano, na pale ndipo mguu wa Mwalimu unapokaa akiwa kwenye lami.

Sensa ya zamani, ile uliyoitoa, ilikuwa bado kwenye kopo la bolti. Bhoke aliipima nayo. Nayo ina shimo, mshale ulianguka vilevile. Kwa hiyo uliujua ugonjwa. Ulitoa mbovu, ukafunga mbovu nyingine, ya mtumba.

Spea ya mtumba hukuifunga kamwe bila kuipima mezani. Hata mimi ninayetangaza habari najua hivyo. Hiyo hukuipima, na nadhani najua sababu. Simu yangu ina kumbukumbu ya siku ile: nilikupigia mara tatu kabla ya saa sita. Daktari alikuwa anakusubiri Musoma. Mara ya tatu nilikuambia, "Achana na hilo gari, funga, uje." Ukajibu, "Nafunga."

Ulifunga, ukaja.

Sina uthibitisho kwamba ndivyo ilivyokuwa. Wa kuthibitisha ni wewe. Ila sina maelezo mengine, na nilimweleza Mwalimu hivyo, Bhoke akisikia. Sikumwambia alichokisema daktari baadaye, kwamba hata ungechelewa saa nzima isingebadili kitu. Hilo nakuambia wewe peke yako.

Mwalimu alivua miwani. "Basi fundi hakubahatisha," akasema. "Aliharakishwa."

Bhoke alipima sensa nyingine mezani kwanza, mshale ukapanda bila kuanguka, ndipo akaifunga. Tulikwenda na gari hadi Kiabakari na kurudi, Mwalimu akiendesha. Halikuruka. 

Mita iko kwangu, kwenye taulo la Baba mdogo. Jumamosi nitamwomba mbele ya watu airudishe gereji, na nimeshamtafutia nyingine ya betri yake. Jina lako liko ukutani. Bhoke ametumia lile kopo la rangi kulipitia upya.

Lala, kaka. Nakuahidi nitayasema yote, pamoja na zile simu tatu, na sauti ikibadilika itabadilika.

Ibada ni Jumamosi saa nne, Butiama. Mwalimu ameomba kusimama palepale aliposimama siku ile, nami nitasema baada yake. Tunaondoka Bunda saa mbili asubuhi, na gari lake.

Mdogo wako,
Nyangeta