Ndizi za Kemunto na Mdomo Wangu

Mama Kemunto,

Huko Mombasa jua bado inakuchoma? Hapa Kebirigo kwa ndugu yangu mvua inanyesha kila mchana, na majirani wanasema tangu nifike chai imemea vizuri. Hiyo ni mimi.

Jana nilienda Kisii kumsikiliza msichana wetu akiongea mbele ya walimu, wale wataamua kama atapata digrii. Alipanga ndizi mbichi kwa meza, akalaza leso yako juu. Akasema seli za mwili ziko na ngozi laini, na kuna protini zimepinda kama hizo ndizi. Moja ikishika ngozi, hakuna kitu. Zikijipanga nyingi, ngozi inapinda mpaka inakuwa kama bomba. Na kweli, leso ikapinda!

Unanijua. Nikapaaza sauti: "Hata mimi nimebeba ndizi soko ya Nyakoe mpaka mgongo ikapinda, na hakuna mtu alinipa digrii!"

Walicheka mpaka mwalimu mkubwa akatoa miwani apanguse macho. Kemunto akasahau maneno yote, akakaa chini.

Nje nikamwambia, "Si umeona walivyofurahi?"

"Walifurahia wewe, baba. Mimi hakuna mtu aliniuliza hata swali moja."

Atarudia mwezi ujao. Mpigie simu, mama, umwambie najuta. Nikipiga mimi nitaanza na mzaha, na yeye atakata.

Meza dawa yako, ulale vizuri. Nakupenda, na hapo sitanii.

Mzee wako