Taarabu Ndani ya Redio ya Gari

Jumamosi

Redio ya gari letu hunakili yenyewe kila CD inayochezwa. Bakari hajui hilo.

Asubuhi, nikiwa naingiza kaswida zangu, nilikuta humo nyimbo kumi na moja za taarabu. Mume wangu hasikilizi taarabu hata harusini. Nilipomuuliza akasema, "Labda gari lilikuja nazo." Kutoka Japani?

Nikakumbuka safari zake za Alhamisi, anazosema ni za kikazi. Alikuwa na nani?

Mchana tulikwenda Msimbu kumchukua mama yake, tumpeleke kwa dada yake Kisarawe mjini. Nikawasha taarabu makusudi, nimtazame Bakari usoni.

Mama mkwe akaanza kuimba huko nyuma. "Kumbe na wewe unaipenda, mwanangu? CD yangu hii. Ndiyo inayonituliza tukienda hospitali kila Alhamisi."

Bakari akazima redio.

Tulipofika nyumbani Tangini, wawili tu, akasema, "Mama alinikataza nisikwambie; leo imemponyoka mwenyewe." Nikamuuliza anaumwa nini. Akabaki ameshika usukani, machozi yanamtoka.

Tangu asubuhi nimekuwa nikimtafuta mwanamke. Afadhali ningempata.