Siku Tuliponunua Kiwanda cha Mafuta

Kaka yangu,

Hatujambo, ila goti la Mama. Paka amezalia juu ya koti lako, nimemwacha.

Unakumbuka Baba alivyokataa kampuni yetu ya sabuni inunue kiwanda cha mafuta? Kura za siri zikamshinda. Tulichekelea kwamba hatutoi hata senti: tungetoa hisa mpya, wenye mafuta wazipokee kama malipo. Kumbe hisa zao mpya ni nyingi kuliko zetu zote za zamani! Tulidhani tumenunua, sasa wao ndio wenye kampuni. Juzi wamezima mitambo ya sabuni. Kaka, tafuta wakili, piga simu, fanya lolote! Maji yamenifika shingoni.

Baba bado anadamka na kuvaa aproni yake. Jana mlinzi mpya alimzuia langoni.

"Mzee, umekuja kumwona nani?"

Baba akafikiri. "Mwanangu mkubwa, akirudi. Yeye alikuwa upande wangu."

Akakaa kwenye benchi mpaka jioni. Leo karudi tena.

Kura uliyoniagiza nikupigie, ya kukubali, sijamwambia. Nitamwambiaje? Njoo umtoe pale benchini mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako, niliyechoka kunyamaza.