Tulimsifu Yahya kwa Upole

Kiwangwa,
Wilaya ya Bagamoyo.
12 Desemba 2024

Mpendwa Dada Raya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya huko Salalah, wewe na shemeji Abdulnasir na watoto, na kwamba lile goti lako limezizoea ngazi za nyumba mpya. Sisi hapa hatujambo. Nasema hatujambo kwa kinywa kipana, na ukisoma hadi chini utajua kwa nini.

Barua hii anakuletea Bwanausi, kijana wa jirani yetu, anayekuja huko kutafuta riziki. Amebeba na korosho zako. Ukiona mfuko umepungua, muulize yeye. Najua utasema zama hizi nani bado anaandika barua, lakini ile siku uliyonipigia nikiwa wodini simu ilikuwa inakatika, nami nilikujibu kwa mkato maana Dija alikuwa pembeni anasikiliza. Mambo haya yanataka mtu akae kitako ayaeleze.

Mama ni mzima na anakusalimu kabla ya wote. Mananasi mwaka huu yameitika vizuri. Lulu amefunga shule, na tangu apate mdogo wake amejitawaza mwenye nyumba. Mimi na mama yake tumebaki wapangaji.

Sasa habari yenyewe. Dija alijifungua salama hapa hapa zahanati, mtoto wa kiume, akalia vizuri, akanyonya, nikamwadhinia kwa hii sauti yangu mbaya unayoijua. Tuliporudi nyumbani Mama akashika usukani. Akamweka Dija ndani kama ada ya arobaini inavyotaka, uji wa pilipili manga, maji ya moto, wala hakuna kutoka hata kwenda kuanika nepi.

Hazikupita siku nyingi mtoto akawa kimya. Ukimlaza analala, ukimwinua analala. Kila mgeni aliyeingia alisema hajapata kuona mtoto mpole namna hii. Na Mama, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, alimwita mume wake na kuwaambia watu, “Safari hii nimepata mume mpole. Yule wa kwanza akikohoa tu, mtaa mzima unajua.” Tulicheka sana. Mimi nilijisifu hadi kwa wanunuzi wa mananasi kwamba mwanangu hajui kusumbua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, msemo huo tunausema kila siku, lakini hakuna aliyewaza kwamba unamhusu hata mtoto mchanga.

Aliyeshtuka ni Dija. Alinivuta chumbani akaniambia, “Baba Lulu, maziwa yamenijaa mpaka yananiuma. Huyu si mpole. Huyu hanyonyi.” Nikamjibu kwamba watoto wa kiume wana uvivu wao. Maneno hayo nilikuwa nimeyaokota barazani, maana wa kiume sikuwahi kumlea.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa najiandaa kwenda shamba nikasikia Mama ananiita. Nilimkuta mtoto anawaka moto, macho yamepanda juu, shingo imekaza na mkono mmoja unatikisika wenyewe. Dada, niliogopa. Niliegemea mlango.

Mama alisema kwa sauti ya chini, kama wanavyolisema jina hilo watu wazima mbele ya mtoto, “Degedege hii. Mtafutieni dawa ya kumfukiza. Hospitali msimpeleke. Mtoto wa degedege hachomwi sindano, akichomwa anakata roho hapo hapo.”

Usimcheke. Wewe unajua kuliko mimi hofu hiyo ilikotoka. Mdogo wetu Sharifu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alichomwa sindano akafia mikononi mwako kabla hamjatoka mlangoni mwa zahanati, na mimi nilikuwa mdogo kiasi kwamba hata sura yake siikumbuki. Tangu hapo Mama anajua jambo moja: sindano iliingia, roho ikatoka.

Sikubishana naye kwa maneno ya redioni. Nilipiga magoti mbele ya mkeka wake nikamwambia, “Mama, Sharifu hakufa kwa sindano. Alikufa kwa kucheleweshwa. Dada Raya aliniambia mlimfukiza kutwa nzima kwanza.” Ulinieleza hayo wakati wa msiba wa Baba, na sikupata kuyatamka mbele yake mpaka siku hiyo. Nilijua nimemuumiza. Mama akavuta kanga yake, akajitanda, akasema, “Basi tusichelewe.”

Dija habari za arobaini hakuuliza. Alikwisha kufika mlangoni, mtoto kifuani.

Gari lililokuwa karibu ni lile kanta la Abdulrazak, mnunuzi wetu wa mananasi, nalo lilikuwa limeshajaa mzigo. Mwenyewe alitaka kuushusha, nikamwambia washa gari. Mama na Dija wakakaa mbele, mimi nikapanda juu ya mananasi. Mtu akitaka kujua nanasi lina miiba kiasi gani, na alikalie kutoka Kiwangwa mpaka Bagamoyo mjini. Ila siku ile sikuihisi, niliihisi kesho yake nilipotaka kukaa kwenye benchi la wodi.

Pale hospitali walitupokea kwa haraka. Wakamtoa maji ya mgongo kidogo kwenda kuyapima, wakatuambia ni homa ya uti wa mgongo, wadudu wameingia kwenye damu wakafika hadi kwenye utando wa ubongo. Nilimuuliza daktari, binti ambaye ni mdogo kwako kwa miaka mingi, mbona hakulia hata mara moja. Akasema mtoto mchanga akizidiwa halii, analala tu na kuacha kunyonya, na wengi huletwa wakiwa wameshasifiwa. Hakutukaripia, nami ningependa angetukaripia.

Ikaja shughuli ya dripu. Walitafuta mshipa mikononi na miguuni wasiupate. Nesi akasema itabidi iingie kichwani, akatoa wembe amnyoe upande mmoja. Hapo nikamwangalia Mama. Kwetu nywele za tumboni ni haki ya shangazi, wembe wa kwanza ni wako, kama ulivyomnyoa Lulu. Na nyuma ya wembe inakuja sindano ile ile anayoihofia. Nikajikaza, nikisubiri aseme neno.

Mama alisogea kitandani, akatandaza upindo wa kanga yake chini ya kichwa cha mtoto, akamwambia nesi, “Nyoa, mwanangu. Ila nywele zake zisianguke chini.” Akabaki amekinga vile vile mpaka wembe ukaisha kazi na sindano ikaingia. Hakugeuza uso. Mama nimempenda maisha yangu yote, lakini sijawahi kumpenda kama saa ile.

Za wodini sitakuchosha nazo. Alilishwa maziwa ya mama yake kwa mpira uliopita puani, sindano asubuhi na jioni, na sisi tukajifunza kusoma nyuso za manesi. Siku ya saba ikatukuta humo humo. Kwenye karatasi zao alikuwa bado anaitwa Mtoto wa Dija, nasi tukampa jina lake, Yahya, la baba yake Dija. Karamu ilikuwa tende na chai ya chupa, na walioalikwa ni wazazi wa vitanda vya jirani. Kila mmoja wao aliitikia dua kwa nguvu, maana kila mmoja alikuwa na wake wa kuombewa.

Halafu siku moja, mchana, akalia. Si kile kilio cha paka mgonjwa alichokuwa nacho, bali kilio cha kudai haki. Wodi nzima iligeuka. Dija alikaa sakafuni akalia pamoja naye, mimi nikatoka nje nikajifanya napokea simu.

Sasa tuko nyumbani, ananyonya mpaka anatoka jasho, na hachoki kutuita. Mama naye amegeuka mwalimu. Juzi alikwenda kumpa pongezi mzazi wa nyumba ya tatu, wageni wakaanza kusifu upole wa mtoto. Mama hakuketi. Alisema kwanza aletewe amwone akinyonya, na hakuondoka mpaka alipomwona.

Upande ule walionyoa, nywele zinaanza kuchipua. Upande wa pili hatujaugusa. Mjomba Kombo anasema mtoto anafanana na shamba la mvivu, limelimwa nusu. Tunamwambia mwenye jembe yuko Salalah. Zile zilizonyolewa Mama amezifunga kwenye kitambaa, na ile arobaini tumeisogeza mbele mpaka utakapokuja. Ikifika hamsini, na iwe hamsini. Mbuzi wa akika hana malalamiko.

Limebaki moja, na hili ndilo hasa lililonifanya nikae kitako. Daktari alisema ugonjwa huu wakati mwingine hugusa masikio. Akitimiza miezi mitatu tumrudishe wampime, kabla ya hapo tusijisumbue. Mimi na Dija tukaahidiana kwamba hakuna kumjaribu mtoto. Jana nilidhani Dija yuko bombani, nikaenda nyuma ya kichwa cha Yahya na sufuria na mwiko, nikagonga. Kuinua macho, Dija amesimama mlangoni ameshika kifuniko na kijiko, amekuja kwa kazi ile ile. Tulicheka mpaka tukalia, na dada, sehemu moja ya kilio kile haikuwa kicheko. Mimi naapa mtoto aligeuka. Dija anasema alikuwa anatafuta ziwa.

Mama alitusikia kutoka uani. Akasema, “Mnamgongea masufuria ya nini? Kama hasikii tutamwambia kwa mikono. Muhimu yupo.”

Tangu hapo moyo wangu umekaa mahali pake. Naamini anasikia, na nimejiandaa kama hasikii, na mambo hayo mawili yanakaa pamoja moyoni bila kugombana. Kwa hiyo omba ruhusa mapema, dada, uje kabla ya siku ya kipimo.

Msalimie sana shemeji, na Samia mdogo, na Mize ambaye nasikia siku hizi anakusahihisha Kiarabu chako. Huku wanakusalimu Mama, Dija, Lulu, Mjomba Kombo na Abdulrazak, ambaye tangu siku ile anamwita Yahya abiria wake. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, akujaalie safari nyepesi, na atupe sote subira ya kulipokea lile alilotuandikia.

Ukifika, mchukue umwimbie zile nyimbo za kubembeleza ulizotulelea mimi na Sharifu. Akisikia, atalala. Asiposikia, shika mkono wake uuweke kooni kwako, umwimbie hivyo hivyo.

Mdogo wako akupendaye na akungojaye,
Shuaibu