Mazoon Uwanjani Qurum

Unguja, 9 Januari 2007

Kaka yangu Aflah,

Assalamu alaykum. Sie hatujambo, goti tu ndilo linalonisumbua nikipanda ngazi. Sukari yako vipi? Wifi hajambo?

Ningeweza kupiga simu, lakini ningepiga na kelele, ndiyo maana naandika. Jirani yangu Sayyida karudi kutoka huko Muscat na habari kwamba Mazoon anacheza kriketi Qurum, kavaa suruali, mbele ya watu. Mie nilikuletea mwanangu asome. Ami zake wamesikia, na tangu marehemu babake atutoke, neno lao ndilo linalosikilizwa. Wanasema asipoacha watamrejesha Unguja, na skuli ya huko iwe basi. Nakuomba uende mwenyewe ukamtoe uwanjani.

Mdogo wako,
Shaikha

Muscat, Ijumaa, 2 Februari 2007

Shaikha mdogo wangu,

Waalaykumu salaam. Sukari imetulia, na wifi yako anakusalimu sana.

Jana Alkhamisi nilikwenda kama ulivyonituma. Uwanja uko nyuma tu ya ufukwe, ardhi tupu iliyoshindiliwa, katikati wametandika busati refu la kuchezea. Wasichana wa mkoa wetu walikuwa wakicheza na wa Batina. Nilimwambia mwalimu wao, Mkenya mmoja jina lake Beryl, kwamba nimemfuata Mazoon tuondoke. Akanijibu kwa adabu kwamba Mazoon ndiye anayeingia sasa, nisubiri kidogo kivulini. Nikakaa na kina mama wa Kihindi, wakanimiminia chai.

Laiti ungemwona. Suruali pana, shati la mikono mirefu, mtandio kaufunga nyuma ya shingo upepo usiuchukue. Wasichana wakubwa kuliko yeye wanamrushia mpira wa kasi, hapepesi jicho. Mpira mmoja aliupiga ukavuka barabara, ukaangukia mchangani karibu na watu wanaotembea ufukweni. Mie mzee mzima nikasimama nikapiga makofi.

Ikafika wakati wanahitaji mikimbio tisa tu, yaani alama tisa, washinde. Pembeni walikaa watu watatu na madaftari, wanachagua timu ya kwenda Sharjah. Mpira ukapita karibu na gongo lake la kupigia, ukadakwa nyuma. Katika mchezo huu, mpira ukigusa gongo lako ukadakwa kabla haujaanguka, umetoka. Wa Batina wakadai katoka. Mwamuzi akatikisa kichwa, hakusikia kitu. Kwa hukumu hiyo Mazoon angeendelea kucheza. Mwanao akalitia gongo kwapani, akaondoka mwenyewe. Timu yake ikashindwa kwa mikimbio minne. Wenzake hawakumsemesha.

Garini nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mimi nilisikia mpira umegusa, mjomba. Wao hawakusikia, lakini mimi nilisikia."

Sikumwambia nilichotumwa. Sikuweza.

Kaka yako,
Aflah

Muscat, 3 Machi 2007

Shaikha,

Natumai mu wazima nyote. Mwezi umepita sijapata jibu, nna wasiwasi nimekuudhi.

Majina ya Sharjah yametoka, Mazoon hayumo. Alilia siku moja, kisha akarudi mazoezini. Mwalimu Beryl kanambia katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata mchezaji kama huyu, na alisema hivyo Mazoon akiwa mbali, hasikii. Masomo pia hajayaacha. Kama ami zake wameshikilia, niambie nije nizungumze nao.

Kaka yako,
Aflah

Unguja, 25 Machi 2007

Kaka Aflah,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi. Afya zetu njema, alhamdulillahi.

Hukuniudhi. Barua yako niliisoma peke yangu mara nyingi, ndipo nikawapelekea ami zake, nikawasomea barazani kwao. Nilipofika pale anapoondoka na gongo lake, ami yake mkubwa akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akauliza kama ni kweli mwamuzi alishakataa kwamba katoka. Nikamwambia ni kweli.

Kabla hawajasema jengine, nikasema mie. Mazoon atabaki Muscat, atasoma na atacheza, na mwenye neno aje kwangu. Tangu niolewe sijapata kuzungumza nao vile.

Mazoon akinipigia simu huniambia hajambo, basi. Niandikie mchezo huo unavyochezwa, tangu mwanzo, polepole. Nataka siku moja nimuulize kama mtu anayejua.

Mdogo wako,
Shaikha